Samaki Wanahema Alfajiri: Kutafuta Kosa la Kizimba Kabla ya Kukimbilia Dawa

Simu za wafugaji wa samaki wa vizimba, yaani mabwawa ya wavu yanayoelea majini, hazipigwi mchana. Zinakuja kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi, na karibu zote zinaanza namna moja: "Kaka, samaki wamepata ugonjwa, wote wako juu, vinywa nje. Niwape dawa gani?" Nikiuliza jana walilishwa saa ngapi na wavu ulisuguliwa lini, upande wa pili panakuwa kimya.

Hapa nimekusanya dalili ninazoulizwa mara nyingi huku kwetu kusini mwa Tanzania, kwa mwenye mwatiko kwenye hori la bahari na kwa mwenye perege kwenye ziwa dogo au bwawa. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, kisha vile vya nadra. Usiruke cha kwanza ukadhani ni chepesi mno kuwa jibu. Mimi nilikiruka, na nitaeleza kilichonipata.

Kwanza, hesabu ya kuazima na kulipa

Kizimba hakina oksijeni yake. Kinaazima kwenye maji yanayopita. Chukua kizimba cha mita 5 kwa 5 chenye kina cha mita 3: hizo ni mita za ujazo 75. Maji yakiwa na oksijeni miligramu 6 kwa lita, mle ndani mna gramu 450 tu. Weka perege kilo 500, ambao kwenye joto la nyuzi 28 hutumia kama gramu 125 kwa saa. Maji yakisimama, yasiingie wala yasitoke, kabla saa mbili hazijatimia umefika miligramu 3 kwa lita, kiwango ambacho perege anaacha kukua na kuanza kupigania pumzi. Na hapo hawajala. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi.

Joto nalo linapunguza akiba. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yakishiba oksijeni kwenye nyuzi 25 yanabeba kama miligramu 8.2 kwa lita. Kwenye nyuzi 30 yanabeba 7.5. Maji ya bahari kwenye nyuzi 30 hayazidi sana 6.2. Kwa hiyo mwezi wa pili, kaskazi imekaa na bahari imechemka, mwenye kizimba cha hori anaanza siku na mfuko mwepesi kuliko mwenzake wa ziwa Rutamba.

Sasa upande wa kulipa. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 ina nitrojeni kama gramu 48. Ukitumia kilo 1.8 za chakula kupata kilo 1 ya samaki, umemwaga gramu 86 za nitrojeni. Mwili wa samaki unabaki na gramu 25 hadi 30. Nyingine zote, karibu gramu 60, zimekwenda majini: nyingi kupitia matamvua (wavuvi wengi huyaita mashavu) zikiwa amonia iliyoyeyuka, nyingine kwenye kinyesi na chakula kilichozama. Tani 1 ya mavuno inaacha nyuma kilo 60 za nitrojeni, sawa na mifuko miwili na nusu ya urea ya kilo 50, pamoja na fosforasi kama kilo 10. Mwenye mahindi angeshukuru. Majini, mbolea hiyo inaotesha vijani, yaani mimea midogo ya majini, na vijani hivyo usiku vinavuta oksijeni ileile ambayo samaki wako wanaitafuta.

Shika hesabu hizo mbili. Dalili karibu zote zilizo hapa chini zinatoka humo.

Vitu vya kuwa navyo

Kipima oksijeni ndicho bora. Kama hakinunuliki, changeni kikundi kizima mnunue kimoja, au muulize chuo cha uvuvi cha FETA pale Mikindani au afisa uvuvi wa halmashauri namna ya kupimiwa. Kuna pia vifaa vya matone vinavyobadilisha rangi. Si sahihi sana ila ni afadhali kuliko kukisia. Ongeza sahani nyeupe ya bati ya sentimita 20 iliyofungwa kamba yenye alama, chungwa moja, na daftari.

Chungwa ni la kupima mkondo. Linaelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi kama unavyosukuma kifuu. Liachie, hesabu sekunde linazotumia kwenda mita 10. Sekunde 100 ni mkondo mzuri. Likichukua dakika tano au zaidi, maji yako yamelala.

Oksijeni pima sehemu tatu, alfajiri kabla jua halijatoka: nje upande maji yanakoingilia, katikati ya kizimba, na nje tena lakini karibu na sakafu. Majibu yasome hivi:

- Nje nzuri, ndani mbovu: kosa ni la kizimba. Wavu au wingi wa samaki.
- Nje mbovu na ndani mbovu: kosa ni la mahali, au la vizimba vyote vilivyopangwa hapo kwa pamoja.
- Juu nzuri, chini mbovu: unakaa juu ya hatari ambayo haijaamka.

Ukishindwa kufanya lolote lingine kwenye makala hii, fanya hili.

Dalili ya 1: Wako juu alfajiri, jua likipanda wanashuka

Hii ndiyo simu saba katika kila kumi ninazopokea.

*Wavu umeziba.* Ingiza mkono, shika wavu mita moja chini ya maji. Kama huoni wala huhisi matundu, umepata jibu. Kwenye hori lenye joto, matundu ya nusu inchi hufungwa na ute na vijani ndani ya wiki mbili au tatu, kisha vinafuata viganda vilevile unavyovikwangua chini ya mashua.

Tulikuwa watu watano na kizimba kimoja cha mwatiko kwenye hori. Wiki sita hatukugusa wavu, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amegusa. Asubuhi moja ya Februari samaki wakawa juu. Mmoja wetu akasema ni bakteria, tukaenda dukani, tukauziwa antibayotiki ya kuchanganya na chakula, tukawamwagia. Hawakula. Chakula kikazama, kikaoza, na alfajiri iliyofuata tukaopoa mizoga zaidi ya mia tatu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mtumbwi wake akasogea, hakuuliza kitu, akashika wavu kwa vidole viwili na kuuvuta juu. Ulitoka mzito, unachuruzika ute wa kijani, na kaa wadogo wakidondoka. "Wanangu," akasema, "huu si wavu tena, huu ni ukuta." Tulibadilisha wavu siku ileile, na keshoye alfajiri waliobaki walikuwa chini, wametulia.

Kusugua nako kuna adabu yake. Usisugue wakati samaki wanahema. Uchafu utawaziba matamvua. Subiri maji yanatembea, anza na upande ambako maji yanatoka kizimbani ili uchafu uende zake, upande yanakoingilia uumalizie mwisho, kipande kwa kipande kwa siku mbili tatu. Kama una wavu wa pili, badilisha, huo mchafu uanike juani nchi kavu. Jua la Mtwara linafanya kazi ya bure.

*Maji mafu.* Wafugaji wengi wanaona kwamba samaki wanahema wiki moja na kutulia wiki nyingine, wakafikiri ni mkosi. Ni mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu inapanda na kushuka mita tatu na zaidi, hori linajazwa na kumwagwa mara mbili kwa siku. Wakati wa maji mafu kinachopanda na kushuka ni kidogo sana, na mkondo unachoka.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wa mwani wanalijua bila kuandikiwa. Wao hushuka pwani kwa bamvua, kwa sababu wakati huo maji hupwa sana mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Siku saba baadaye, kwenye maji mafu, saa za kupwa zimehama: maji yanapwa karibu na saa 10 au saa 11 alfajiri. Yaani saa ambayo oksijeni ya hori iko chini kuliko saa zote ndiyo saa ambayo maji machache, yaliyolala usiku kucha kwenye tope la mikoko, yanakupitia yakitoka. Mikosi mitatu kwa wakati mmoja. Weka alama kwenye kalenda: siku mbili kabla ya maji mafu hadi siku mbili baada, punguza chakula kwa nusu. Haina gharama, unaokoa chakula.

*Unalisha jioni sana.* Samaki hutumia oksijeni nyingi kwa saa kadhaa baada ya kula. Ukimlisha saa 12 jioni, anasaga chakula usiku, wakati hakuna kijani kinachotengeneza oksijeni. Mlo wa mwisho uwe saa 9 alasiri. Asubuhi usilishe mpaka jua limekaa vizuri.

*Samaki wamekua, wewe bado unahesabu vichwa.* Vifaranga 2,000 wa gramu 20 ni kilo 40. Walewale 2,000 wakifika gramu 250 ni kilo 500. Hukuongeza hata mmoja, lakini mzigo umekuwa zaidi ya mara kumi na mbili. Pima uzito kila baada ya wiki mbili, na uwapunguze kabla hawajakuambia wenyewe.

*Maji yenyewe ni ya kijani.* Nenda dalili ya 3.

La kufanya asubuhi hiyohiyo: acha kulisha siku nzima, hata kama wanaonekana na njaa. Kama kizimba kinavutika, legeza nanga ukivute taratibu kwenye maji yenye mkondo na kina zaidi. Pampu ya kurusha maji juu inasaidia kidogo, kwa sababu oksijeni unayoitia inaondoka na maji. Itumie kuvusha saa mbili za hatari, si kama mpango wa maisha. Usizungushe boti ya injini kuzunguka kizimba kwenye maji mafupi. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema, rafadha ikachimbua tope jeusi, wakawamaliza.

Simama, ita mtaalamu: samaki wakiwa bado juu saa 4 asubuhi na jua limewaka, matamvua yakiwa na vidonda, madoa meupe au rangi ya kahawia badala ya nyekundu, au pampu ikiwa ya umeme na waya umelowa. Hiyo ya mwisho ita fundi umeme, na usiguse maji hadi swichi izimwe.

Dalili ya 2: Wamekufa wengi kwa saa chache, bila onyo

Kabla ya kuopoa, angalia mambo mawili. Je, na samaki wa nje, wasio wako, wamekufa au wako ukingoni wakihema? Kama ndiyo, balaa ni la maji yote. Na je, waliokufa kwanza ni wakubwa au wadogo? Ukosefu wa oksijeni huanza na wakubwa, na wengi hufa vinywa wazi, matamvua yametanuka. Sumu mara nyingi huanza na wadogo. Si kanuni ya mahakama, ila inaelekeza pa kutazama.

*Maji ya chini yamepanda.* Kwenye ziwa dogo lenye joto, maji ya moto hukaa juu kama mafuta, ya baridi yanabaki chini wiki nyingi bila kuguswa na hewa. Huko chini kinyesi na chakula vinaoza, oksijeni inakwisha, na gesi yenye harufu ya mayai viza inatengenezwa. Siku kusi inapopiga kwa nguvu mwezi wa sita au wa saba, au mvua ya baridi ikinyesha baada ya siku za joto na utulivu, maji yanachanganyika. Kilichokuwa chini kinakuja juu. Mzee mmoja aliniambia alidhani ni salfa ya mikorosho imepeperushwa ziwani, kwa sababu msimu ni uleule. Salfa ya unga shambani hainuki mayai. Ukinusa mayai viza kwenye maji, ni ya maji.

Ishara yake unaionea kabla: kipimo cha tatu, kile cha chini karibu na sakafu, kikiwa chini ya miligramu 2 wakati juu ni 6. Ukiona hivyo, vuna waliokwisha fika soko, usisubiri bei.

*Mafuriko.* Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, na kila mto ulimwaga matope. Mwatiko anavumilia maji ya chumvi kidogo na chumvi nyingi, kwa hiyo maji baridi peke yake si tatizo lake kubwa. Tatizo ni tope kwenye matamvua na majani, samadi na takataka zinazooza njiani na kula oksijeni. Kizimba kilichowekwa mdomoni mwa mto kama Lukuledi, kwenye masika kinahitaji mpango wa kuhamishwa ulioandikwa, nanga ya pili na kamba nzima, kabla ya mvua kuanza.

*Tope limeguswa wakati wa bamvua.* Hii ni ya baharini tu. Kizimba chenye kina cha mita 3 kilichowekwa maji yakiwa yamejaa kinaweza kukaa kitako siku ya bamvua maji yakipwa. Chini ya wavu kuna miezi ya kinyesi. Pima kina siku ya bamvua kubwa, saa ya kupwa kabisa, si siku ya kuweka kizimba. Chini ya wavu pabaki angalau mita 2.

*Sumu.* Nadra, lakini ipo: dawa za shamba zilizooshwa na mvua, au mtu amevua kwa utupa juu ya mkondo. Ukikuta oksijeni ni nzuri, ni mchana, na wadogo wamekufa kwanza, simama.

Simama, ita mtaalamu: vifo vyovyote vya ghafla vya namna hii. Usiuze mizoga, usiigawe kijijini, usiikaushe ukasema ni ya ng'onda. Weka samaki watatu wanaokufa, si waliooza, kwenye barafu, chota chupa ya maji, andika saa. Piga simu kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na ukihisi sumu, kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, pia. Na usizame kuchungulia chini ya kizimba penye harufu ya mayai viza. Gesi ile inaua watu pia.

Dalili ya 3: Maji yamebadilika rangi

Shusha sahani nyeupe mpaka isionekane, soma kamba. Kwa vizimba mimi napenda sentimita 80 na zaidi. Ikifika 40 na rangi ni ya kijani, nalala na kipima oksijeni kando ya mto wa kulalia.

Kijani chepesi kinachoongezeka kidogo kidogo kwa miezi ni mbolea yako inarudi. Kwenye maji baridi mara nyingi fosforasi ndiyo inayofungua mlango, baharini mara nyingi ni nitrojeni. Mchana utapima oksijeni utacheka, hata miligramu 10 au 12. Usidanganyike. Kijani kilichotoa oksijeni mchana ndicho kinachoivuta usiku, na kadiri kipimo cha alasiri kinavyokuwa kikubwa kupita kiasi ndivyo cha alfajiri kinavyotisha.

Kijani hicho kinapandisha pia pH ya alasiri (kipimo cha asidi ya maji; 7 ni katikati, juu yake asidi inapungua), na hapa amonia inapata meno. Amonia iko katika sura mbili, moja ya upole na moja ya sumu. Kwenye nyuzi 28 maji baridi yakiwa na pH 7, isiyozidi asilimia 1 ndiyo ya sumu. pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 6.5. Ikifika 9, asilimia 41. Amonia ni ileile, hukuongeza kitu. Jua la alasiri limeinoa. Kwa hiyo samaki wanaoacha kula saa 9 alasiri, wakati alfajiri walikuwa salama, wapimie amonia na pH saa hiyohiyo, si asubuhi.

Tiba ya kijani chepesi: punguza chakula, tumia kinachoelea ili uone kinachobaki, lisha polepole kwa mkono, acha pale kasi ya kula inapopungua na si pale wanapogoma. Pumba za mahindi zinazomwagwa kwa ndoo ni mbolea ghali. Kama mko vizimba kumi kwenye hori moja, mfugaji mmoja kujirekebisha hakutoshi; kaeni kikao.

Wafilipino wamelipa ada ya somo hili. Huko Bolinao walifuga mwatiko, samaki wetu huyuhuyu, kwenye mlango wa bahari uliojaa vizimba kupita idadi iliyoruhusiwa. Mapema mwaka 2002 vijidudu vya mimea vilichanua, oksijeni ikaanguka chini ya miligramu 2 kwa lita, na samaki wakafa kwa wingi, wa vizimbani na wa nje. Maji yalikuwa mafu, mahali pamezungukwa, chakula kingi. Ukisimama kwenye hori la mikoko ukavisoma vitu hivyo vitatu, hutahitaji ramani ya Ufilipino.

Simama, ita mtaalamu: maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi ya mafuta iliyomwagika, au mistari myekundu au ya kahawia baharini. Baadhi ya vijani hivyo vina sumu. Usivune siku hiyo, zuia watoto wasioge, na waambie wanaookota chaza na kombe wasiokote hadi wataalamu, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) au ofisi ya uvuvi, wamepima. Usimwage dawa yoyote kwenye maji ya wazi, iwe pamanganeti, iwe mrututu. Hutibu kizimba, unachafua hori la watu wote.

Dalili ya 4: Hawafi, ila hawakui

Hapa nitakwenda haraka. Miezi sita na perege bado gramu 120: pima oksijeni alfajiri siku saba mfululizo. Ikicheza kati ya 3 na 4, samaki wako hai lakini kila usiku wanatumia nguvu kupumua badala ya kujenga nyama. Ongeza nafasi, sugua wavu, sogeza kizimba. Oksijeni ikiwa 5 na zaidi, sasa lalamikia chakula: kimepoa, kimeota ukungu, au protini iliyoandikwa kwenye mfuko haimo kwenye mfuko. Baada ya hapo ndipo ulalamikie mbegu, kwamba vifaranga walikuwa dhaifu au madume na majike wamechanganyika wakazaana. Watu wengi huanza na mbegu kwa sababu mbegu ilitoka kwa mtu mwingine.

Dalili ya 5: Chini ya kizimba kumekuwa kweusi

Shusha kopo zito lenye kamba, vuta tope. Kahawia lenye wadudu na konokono ni zima. Jeusi kama oili chafu, linanuka, halina kiumbe, au lina utando mweupe kama pamba: sakafu imeshiba. Athari hii kwa kawaida haiendi mbali, ni makumi ya mita kuzunguka kizimba, lakini ndiyo ghala la ile harufu ya mayai viza.

Chanzo cha kwanza ni chakula kinachozama bila kuliwa. Cha pili ni kizimba kukaa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Cha tatu ni mahali pasipo mkondo tangu mwanzo, na hilo chungwa lingekuambia siku ya kwanza. Hakuna dawa ya kumwaga. Sakafu inahitaji kupumzika kama shamba: vuna, hamisha, acha miezi kadhaa, pima tope tena kabla ya kurudi. Kuchimbua au kupuliza tope wakati samaki wako juu yake ni kujichoma mwenyewe.

Kuhamisha si kukata kamba na kwenda. Zungumza na afisa uvuvi na BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ufukwe) ya mahali unapokwenda, uliza NEMC kuhusu kibali cha mazingira. Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hifadhi yenyewe ndiyo ya kuulizwa kabla ya kung'oa nanga.

Dalili ya 6: Majirani wanalalamika

Hii haiandikwi kwenye vitabu vya ufugaji, ila ndiyo iliyonifundisha zaidi. Bibi mmoja mwenye mwani alinisimamisha pwani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Njoo uone nguo mpya ya mwani wangu." Alinyanyua kamba. Kila tawi la mwani lilikuwa limevishwa nywele laini za kijani, ukizifuta zinateleza vidoleni. Hakukasirika. Alitaka kujua tu kama nywele hizo zinatoka kwetu.

Jibu la kweli ni: huenda. Kwanza angalia mkondo unapokwenda: achia chungwa kizimbani maji yakitoka, lifuate. Likipita kwenye mashamba yake, mbolea yako inapita hapo. Pili, uliza zilianza lini, kabla au baada ya vizimba. Tatu, angalia kama na mashamba ya upande mwingine wa ghuba, yasiyofikiwa na mkondo wako, yana nywele hizo. Kama yanazo, joto la kaskazi na maji yaliyotulia yana lawama kubwa kuliko wewe.

Mwani wenyewe hula nitrojeni, na ukiwekwa kwa umbali unaofaa chini ya mkondo unaweza kufaidika na kinachotoka kwenye kizimba. Ukiwa karibu mno, vijani vya nywele vinaukuta mwani na kuuziba jua kabla haujafaidi. Sisi tulisogeza kizimba upande wa mlango wa hori penye mkondo, tukaacha kulisha saa mbili kabla ya maji kuanza kutoka. Bamvua tatu baadaye nilimkuta amechuchumaa na kisu, anafunga mbegu mpya kwenye kamba. Akanirushia tawi moja nilikague. Lilikuwa na nywele bado, chache, kwenye ncha.